Insha ya Kulinganisha: Mashua Mbili Zilizotumika

Mtahiniwa, insha ya kulinganisha huwaponza wengi, wala si kwa sababu ni ngumu. Mwanafunzi huandika insha mbili ndani ya moja: ukurasa wa kwanza anaeleza kitu cha kwanza, ukurasa wa pili anaeleza cha pili, kisha anafunga kwa kusema "vyote vina faida na hasara." Hapo hajalinganisha chochote.

Kwa makusudi nimechagua vitu ambavyo huenda hujawahi kuviona. Ukipewa shule ya bweni na ya kutwa utaandika ulichokariri. Ukipewa mashua mbili za Uingereza itakubidi ufikiri. Msamiati usikutishe, Kiswahili kina maneno tele ya vyombo vya bahari: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mkuku ni uti wa chini wa chombo.

SWALI: Contessa 26 na Contessa 32 ni mashua za matanga za kusafiria, za faibaglasi, zilizoanza kuundwa Lymington, kusini mwa Uingereza, ya kwanza katika miaka ya 1960, ya pili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyingi bado huuzwa zikiwa zimetumika. Vipimo vyake kwa kukadiria ni hivi:

Contessa 26: urefu mita 7.8, urefu kwenye usawa wa maji mita 6.3, uzito tani 2.4, kina chini ya maji mita 1.2.
Contessa 32: urefu mita 9.8, urefu kwenye usawa wa maji mita 7.3, uzito tani 4.3, kina chini ya maji mita 1.7.

Kijana anayetaka kusafiri peke yake, na wazazi wenye watoto wawili, wamekuomba ushauri. Andika insha ya maneno yasiyozidi 300 ukilinganisha mashua hizo.

Anza na kigezo, si na mashua. Kila aya iwe na kigezo kimoja, na mashua zote mbili zionekane humo.

Kigezo cha kwanza ni ukubwa, na hapa ndipo wengi huteleza. Mwanafunzi husoma 7.8 na 9.8 akaandika, "Zimepishana mita mbili tu." Hebu piga hesabu. Urefu umeongezeka kwa robo hivi, lakini uzito umeongezeka kwa karibu asilimia 80. Chombo kikirefuka hupanuka na kuingia chini zaidi pia, kwa hiyo nafasi ya ndani hukua kuliko urefu. Ndiyo maana katika 26 mtu mrefu hawezi kusimama wima chumbani, ilhali 32 ina nafasi ya kukaa familia.

Sasa tazama mwendo. Mashua nzito ya aina hii ina kikomo kinachotegemea urefu wake kwenye usawa wa maji: zidisha kipeuo cha pili cha urefu huo kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Ndogo inapata takriban 11.3, kubwa 12.2. Uzito umekaribia kuwa maradufu, mwendo haujaongezeka hata kilomita moja! Neno litakalokupa alama hapa ni "ilhali" au "lakini", kwa kuwa vigezo viwili vimekwenda njia tofauti.

Kuhusu usalama, tumia mifano kwa uangalifu. Tania Aebi wa Marekani aliondoka New York mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 18, akaizunguka dunia kwa Contessa 26 iitwayo Varuna, karibu safari yote akiwa peke yake, na akarejea mwaka 1987. Katika mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, dhoruba iliua washindani 15. Contessa 32 iitwayo Assent ndiyo pekee iliyomaliza katika daraja la mashua ndogo kabisa. Ukiandika "kwa hiyo 32 ni salama zaidi" umevuka ushahidi wako. Mifano hii inaonyesha kwamba kila moja imewahi kuhimili bahari kali, basi.

Gharama ipitie kwa ufupi. Bandari nyingi za mashua za Uingereza hutoza ada kwa urefu, hivyo ada itapanda kwa robo. Rangi ya chini na matanga hufuata eneo, navyo vitapanda zaidi.

Usisahau neno "zilizotumika". Jedwali haliwezi kukuambia kama nyaya zinazoshikilia mlingoti zimechakaa, kama injini inawaka, au kama sitaha inavuja. Contessa 26 iliyotunzwa inaweza kumfaa mnunuzi kuliko 32 iliyotelekezwa, hata akiwa na watoto. Mtahiniwa anayeliona hili huwa amesoma swali lote, nami humpa alama kwa furaha.

Mfano wa aya ya uamuzi: "Kijana anayesafiri peke yake namshauri achukue 26, kwa kuwa matanga yake ni madogo, anaweza kuyamudu kwa mikono miwili, na hapotezi mwendo mwingi. Wazazi nawashauri wachukue 32, ilhali wajue kwamba kina chake cha mita 1.7 kitawazuia kuingia katika baadhi ya vijito ambamo 26 ingepita. Kabla ya kulipa, pande zote mbili ziajiri fundi aipandishe mashua nchi kavu na kuikagua."

Uamuzi huo una watu, sababu na sharti. Haukusema "zote ni nzuri".

ZOEZI
1. Andika upya aya ya gharama kwa sentensi tatu, ukitumia viunganishi "ilhali", "kadhalika" na "hata hivyo".
2. Mnunuzi wa tatu ni mzee mstaafu mwenye maumivu ya mgongo, anayesafiri na mkewe. Mshauri kwa aya moja, ukitumia vigezo viwili tu. Eleza kwa nini umeviacha vingine.