Kuhama Nyumba Bila Kuhama Mtaa: Mathare na Safari ya Kuondoka Katika Mitandao ya Kijamii ya Kampuni Moja

Utangulizi

Katika bonde la Mathare, mashariki ya jiji la Nairobi, kitenzi "kuhama" hakihitaji fasili ya kamusi. Wakazi wengi wa huko ni wapangaji wa vyumba vya mabati. Kodi ikipanda, mto ukifurika, au serikali ikileta matingatinga kama ilivyofanya Mei 2024 baada ya mafuriko ya Aprili, mtu hupakia vyombo vyake kwenye mkokoteni na kutafuta kwingine. Aghalabu huko kwingine si mbali: ni kutoka Mashimoni hadi Huruma, au kutoka Kosovo hadi Mlango Kubwa. Mtu huhama nyumba asihame mtaa. Duka anakokopa unga hubaki lilelile, chama chake cha kuweka akiba hubaki kilekile, na watoto huendelea na shule ileile.

Makala haya yanaitumia tajriba hiyo kuchunguza suala linaloonekana kuwa mbali nayo, yaani namna jamii inavyoweza kuondoka polepole katika mitandao ya kijamii inayomilikiwa na kampuni moja na kuelekea ile ambayo umiliki wake umetawanywa. Mijadala mingi kuhusu suala hili huanza na watu: nani yuko tayari kufunga akaunti yake, na nani atamfuata. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kwa mtaa kama Mathare uhamaji huo huanza vyema zaidi na kumbukumbu, na kwamba watu ndio wanaopaswa kuhama mwisho.

Suala la istilahi

Neno "mtandao" lina uhusiano na kitenzi "tanda", ambacho miongoni mwa maana zake ni kutandaza nyuzi kabla ya kufuma; nyuzi hizo huitwa mtande. Katika picha hiyo hakuna uzi ulio bwana wa nyuzi nyingine. Mitandao mikuu ya leo haifanani na picha hiyo hata kidogo. Facebook, Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni ya Meta, na kila ujumbe hupitia katika mitambo yake. Tunaita mitandao, ilhali umbo lake ni la gurudumu la baiskeli: spoki zote huishia kitovuni.

Mbadala wake uitweje? Istilahi inayojitokeza haraka ni ile ya "kugatua". Nchini Tanzania ugatuaji wa madaraka ni msamiati wa utawala wa miaka mingi. Nchini Kenya neno "ugatuzi" lilienea baada ya Katiba ya 2010 iliyounda kaunti 47. Tatizo ni kwamba kugatua ni tendo la aliye na mamlaka. Kitovu ndicho kinachogatua, na kilichotolewa kinaweza kupunguzwa au kucheleweshwa, kama magavana wanavyolalamika kila mwaka wa fedha. Mitandao inayozungumziwa hapa haikupewa chochote na kitovu. Ilijengwa kando yake.

Inafaa basi kutofautisha aina mbili. Ya kwanza ni mtandao wa shirikisho, ambao mfano wake maarufu ni Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016. Humo kuna seva nyingi, kila moja ikiwa na msimamizi wake, gharama zake na kanuni zake, lakini mwenye akaunti katika seva moja husoma na kujibu maandishi ya aliye katika seva nyingine. Kinachowezesha jambo hilo ni itifaki ya pamoja iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa mwaka 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Wanafunzi wanaijua hali hiyo tayari kupitia barua pepe: mwenye anwani ya chuo humwandikia mwenye anwani ya Gmail bila kuhamia Gmail.

Aina ya pili haina seva kabisa. Bitchat, programu iliyotolewa mwaka 2025, huusafirisha ujumbe kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi ya jirani, na kutoka ya jirani hadi ya jirani yake. Waganda wengi waliipakua kabla ya uchaguzi wa Januari 2026, na intaneti ilipozimwa siku chache kabla ya kura, sababu ya tahadhari hiyo ilidhihirika. Aina hii ingeweza kuitwa mtandao wa kupokezana, kwa kuwa hivyo ndivyo ndoo za maji zinavyokwenda moto unapozuka mtaani. Inafaa kuongeza kwamba msongamano wa vyumba, ambao wapangaji wa miji huuhesabu kuwa balaa, ndio hasa unaoufaa mtandao wa namna hii. Katika mtaa wa majumba yenye nyua pana, simu hazifikiani.

Tofauti hii si ya kiistilahi tu. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana wengi wa Kenya walipakua Zello, programu inayoigeuza simu kuwa redio ya upepo. Ilionekana kuwa uhamaji, lakini Zello nayo ni ya kampuni moja. Ni kumwacha mwenye nyumba mmoja na kupanga kwa mwingine. Telegram ni vivyo hivyo, na Novemba 2023 watumiaji wa Kenya walikumbana na matatizo ya kuifikia wakati wa mtihani wa KCSE.

Madai dhidi ya mwenye nyumba

Wazungumzaji wa Kiswahili wana malalamiko yao mahususi. Kwa miaka kadhaa Twitter ilikuwa ikiyatambua maandishi ya Kiswahili kuwa Kiindonesia, hadi watumiaji walipofanya kampeni mwaka 2018 na lugha yetu ikatambuliwa. Ushindi huo ulisherehekewa, na ilistahili. Hata hivyo, ulikuwa ushindi wa mpangaji aliyeombewa bomba la maji. Oktoba 2022 nyumba iliuzwa kwa Elon Musk kwa dola bilioni 44. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa ofisi yake ya Afrika mjini Accra walifutwa kazi. Na mwaka 2023 njia ya bure iliyowawezesha watafiti kukusanya data za lugha ikafungwa. Wanaisimu waliotegemea njia hiyo kukusanya matini za Kiswahili cha vijana walijikuta nje ya mlango.

Kisa cha Facebook ni kizito zaidi. Kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha kwa kampuni hiyo matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki. Ya Kiswahili yaliidhinishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa kasoro za sarufi na lugha ya matusi, kisha yakaidhinishwa yaliposahihishwa. Mtahini huyo alijali upatanisho wa kisarufi kuliko uhai wa watu! Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliipa kampuni siku 7 kurekebisha mambo, huku mawaziri wakisema jukwaa halitafungwa.

Kwa mtaa uliochomwa moto katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, hilo si suala la kinadharia. Neno "madoadoa" kwa kamusi ni alama ndogondogo za rangi. Katika historia ya siasa za Kenya ni mwito wa kuwafukuza watu wa makabila mengine. Tume hiyohiyo ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022. Anayeweza kujua ni lini neno hilo linamhusu ng'ombe na ni lini linamhusu jirani ni mtu anayeishi katika mazingira hayo. Ndiyo sababu kanuni za seva ndogo, zikisimamiwa na wazungumzaji wenyewe, zina faida ambayo kampuni ya mbali haiwezi kuinunua kwa urahisi.

Kuna pia suala la kupotea kwa ushahidi. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare, MSJC, kilichapisha mwaka 2017 ripoti kuhusu vijana wanaouawa na polisi, ambayo kichwa chake kinauliza ni nani atakayefuata. Ushahidi wa visa vya namna hii sasa huwa mara nyingi ni video ya simu iliyowekwa katika jukwaa. Human Rights Watch ilionyesha mwaka 2020 jinsi majukwaa yanavyoondoa video za ukatili kwa kufuata kanuni zao wenyewe, pamoja na zile ambazo mahakama zingezihitaji. Kwamba mahakama huzihitaji si dhana: hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya, iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2017, ilitegemea kwa sehemu kubwa video zilizosambazwa mitandaoni. Video ikiondolewa, na simu iliyoirekodi ikiwa imeibwa au imevunjwa, mama wa marehemu hubaki na maneno yake dhidi ya maneno ya askari.

Kinachowazuia watu

Ni kosa kudhani kwamba wakazi wa Mathare hubaki walipo kwa kutojua. Kwanza, wamo walio nao. Mama muuza mboga hawezi kuhamia palipo na wateja watatu. Pili, kuna bei. Novemba 2014 Facebook na Airtel zilileta Kenya huduma ya kuingia tovuti chache bila malipo ya data, Facebook ikiwa miongoni mwazo. Na vifurushi vya bei ya chini vya kampuni za simu vimekuwa vikipendelea majukwaa hayohayo. Aliye na shilingi 10 haulizi itifaki. Tatu, Facebook ilipata sura ya Kiswahili tangu 2009, na mazoea ya zaidi ya miaka 15 si mzigo mwepesi.

Aidha, seva ndogo si pepo. Hulipiwa kila mwezi. Msimamizi wake akichoka, akihama au akikosa fedha, seva hufa pamoja na yaliyomo. Pia sheria haimtazami kama mtu wa kujitolea tu: Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinamhusu. Kampuni kubwa ina mawakili. Kijana wa Mabatini hana. Wanaouhubiri uhamaji huu kutoka miji ya Ulaya hulipita jambo hili haraka mno.

Mkokoteni unapakiwa nini kwanza?

Sifa moja ya Mastodon inasaidia kupanga hatua. Mtu anapohamisha akaunti kutoka seva moja hadi nyingine, wafuasi wake huweza kumfuata, lakini maandishi yake ya zamani hayahami. Programu imewatanguliza watu na kuviacha vyombo. Mpangaji wa Mathare hutenda kinyume: hati, vyeti na picha za familia huenda kwanza kwa dada au rafiki, kabla hata ya notisi kuisha.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutoa nakala. Majukwaa makuu humruhusu mtumiaji kupakua kumbukumbu za akaunti yake. Kikundi cha vijana, kituo cha haki au timu ya mpira kinaweza kufanya hivyo leo bila kufunga chochote, na kuziweka nakala mahali pawili au patatu chini ya watu tofauti. Mtaa una mifano ya kazi ya aina hii. Katikati ya miaka ya 2000, Slum TV ilianza kurekodi maisha ya Mathare na kuwaonyesha wakazi filamu hizo hadharani, mtaani mwao. Vilevile, baada ya vijana wa Kibera kuuchora mtaa wao mwaka 2009 katika OpenStreetMap, ramani isiyomilikiwa na kampuni yoyote, kazi hiyo iliendelezwa Mathare. Njia na vyoo vilivyoingizwa humo vinaweza kunakiliwa na yeyote.

Hatua ya pili ni mazungumzo ya vikundi vidogo, ambamo wote wanajuana na wanaweza kukubaliana siku ya kuhama. Watu 15 wa kamati huhamika. Wafuasi 15,000 hawahamiki. Mtandao wa jamii uliojengwa na Taasisi ya Tunapanda huko Kibera, unaounganisha shule na vituo, unaonyesha kwamba hata mitambo yenyewe yaweza kuwa ya mtaa. Uwanja wa umma, palipo na wateja, waandishi wa habari na wanasiasa, huachwa mwisho, na pengine hauachwi kabisa: huko mtu huweka tangazo na kiungo, lakini asili ya habari inakaa kwake.

Hapo ndipo kazi ya wanafunzi wa Kiswahili inapoanza, nayo si ya kutafsiri vitufe tu. Nakala zikishahifadhiwa zitahitaji faharasa. Video iliyorekodiwa Kiamaiko itakuwa imepewa maelezo ya Sheng, na Sheng hubadilika kwa umri na kwa baze. Mtafiti au wakili atakayeandika "polisi" hataipata ile iliyoandikwa "karao" wala ile iliyoandikwa "sanse". Atakayetafuta "nyumba" ataikosa "keja". Orodha ya visawe hivyo, ikionyesha kila neno lilitumika wapi na mwaka gani, haihitaji seva wala kifurushi cha data. Inahitaji daftari, na watu wanaoweza kuketi kijiweni na kusikiliza.