Dondoo muhimu: Spika za sebule yenye dari la juu

Nyumba nyingi za kisasa zinazojengwa Machame, Kibosho na Marangu, zile zinazojaa watu Krismasi, zina sebule pana, dari la juu na marumaru kila mahali. Macho yanafurahi, masikio yanateseka.

Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza unyeti wa spika (sensitivity) kwa desibeli: spika ya 90 hutoa sauti sawa na ya 87 kwa nusu tu ya nguvu ya amplifaya, na sebule kubwa inakula nguvu kwelikweli. Chukua spika ndefu za kusimama sakafuni. Zile ndogo za rafuni bila sabufa, besi yake itapotelea hewani.

Kabla ya kulipa, simama katikati ya sebule ugonganishe viganja mara moja. Mlio ukining'inia juu, tatizo ni chumba, na hakuna spika itakayokuponya, hata ya milioni tano. Anza na zulia zito, mapazia mazito na makochi ya kitambaa. Kisha sogeza spika nusu mita kutoka ukutani, uzielekeze unapokaa, nawe ukae karibu, mita 3 hivi.

Mvua ya masika juu ya bati ni habari nyingine. Hapo zima tu muziki.

Umeme ukiyumba, stabilaiza ni lazima. Na dukani Moshi mjini, omba kusikiliza wimbo unaoujua vizuri. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.