Mafunzo Niliyopata kwa Kuandika Wasifu wa Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa dereva wa JWTZ, Mlutheri wa usharika mmoja wilayani Muleba, mume wa mke mmoja na baba wa watoto sita. Alipofariki, ukoo ulinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu na nimewaandikia wazee wengi wa usharika wetu. Wasifu huu ulinifundisha kuliko mwingine wowote. Nawaandikia ninyi mtakaoshika kalamu baada yetu, maana najua hamtaki wazee wenu wazikwe kwa mistari mitano ya tarehe na vyeo.

1. Uliza alifanya kazi gani

Katika ukoo wetu ilisemwa siku zote kwamba baba mdogo "alipigana hadi Kampala". Watoto wake walikua wakimfikiria na bunduki mkononi. Miaka michache kabla hajaugua, tukiwa tumekaa barazani, nilimuuliza kazi yake hasa katika vita vya Kagera ilikuwa ipi. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa kwenye usukani." Alizungumza mpaka jua likazama.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Watu wa kaskazini ya mto Kagera walikimbia kwa miguu, wengine wakafika hadi kwetu na godoro kichwani. Serikali ilikusanya malori ya mashirika na ya watu binafsi ili kupeleka wanajeshi na mizigo mpakani. Baba mdogo alipeleka makombora na akarudi na majeruhi. Siku nyingine alirudi na waliokufa. Alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa kabla ya kuwasha gari. Sote tulidhani anaombea safari. Kumbe ilianzia huko: aliwaombea waliolala nyuma, ndipo akageuza ufunguo.

Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, hakuisema sana. Aliisema Lukaya, njiani kwenda huko, mwezi Machi, ambako askari wa Libya walikuja kumsaidia Amin. Barabara pale inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. "Lori halina pa kugeuzia," alisema. "Ukiingia, umeingia."

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyeona vita hafungui kinywa ukimuuliza aliua wangapi. Lakini muulize walipikaje, walibadilishaje tairi gizani bila kuwasha taa, nani alikuwa utingo wake. Atakueleza, na kwa njia hiyo atakueleza na hayo mengine, kwa kipimo anachokiweza yeye mwenyewe.

2. Mke wake ni shahidi wa kwanza

Wasifu mwingi humtaja mke mwishoni: "ameacha mjane na watoto". Mama mdogo alinipa nusu ya maisha ya mumewe ambayo hakuna mwingine aliyeijua.

Baada ya Amin kuondoka, jeshi letu lilibaki Uganda, na baba mdogo alirejea nyumbani mwaka 1981. Kitinda mimba alipomwona alikimbilia jikoni kujificha. Muda wote huo mama mdogo ndiye aliyevuna kahawa, akatunza migomba, akalipa mahitaji ya shule, na akina mama wa usharika walikuja kumpalilia shamba kwa zamu. Kwa hiyo niliandika hivyo, kwa aya nzima: utumishi wa askari huyu ulibebwa na watu wawili.

Aliniambia pia jambo lililonishangaza kuliko yote. Ndugu walitaka ibada ya shukrani kwa kurejea kwake, na fahali alikuwa amekwisha kupatikana. Baba mdogo alimwendea mchungaji akaomba sala ile iwataje na watu wa Masaka, Uganda. Mji ule ulibomolewa na majeshi yetu Februari 1979, na baadhi ya makombora yalifika huko kwa lori lake. Baadhi ya jamaa walikasirika, na walikuwa na sababu: watu wetu wa Kagera waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa hadi Uganda. Hakubishana nao. Alisema tu kwamba huko nako aliona mama akitafuta watoto. Sala ikafanyika, na tangu hapo kila mwaka aliiomba tena.

Usiku, kwa muda mrefu, hakupata usingizi. Aliwasha kibatari akasoma Zaburi hadi jogoo akawika, na mama mdogo akakaa naye bila kusema neno. Niliyaandika haya baada ya kupata ruhusa ya mama mdogo. Bila ruhusa yake nisingeyagusa.

3. Usimfanye malaika

Watoto wake walimwogopa. Kuchelewa ibada ya asubuhi kwake lilikuwa kosa la kambini, na adhabu yake ilikuwa ya kambini pia. Mwanawe wa pili ndiye aliyeniomba niandike kwamba baba yao, akiwa tayari ana mvi, alipanda meli hadi Mwanza kwenda kumwomba msamaha kwa fimbo za utotoni. Alifika jioni, akasema alichokuja kusema, akala, wakasali pamoja. Asubuhi akarudi nyumbani.

Palikuwa na wazee walioona si vema kusoma hayo mbele ya jeneza. Mimi naona pale ndipo Ukristo wake ulipoonekana wazi, kuliko katika miaka yote aliyokuwa mzee wa kanisa. Kijana anayemsikia marehemu asiye na doa hajifunzi kitu. Anajua kwamba yeye hawezi kufika huko.

4. Andika majina nyuma ya picha

Kwenye sanduku lake tulikuta picha ya askari watano wamesimama mbele ya lori. Yeye ni wa kwanza kushoto. Wengine wanne hakuna aliyewajua, na wa kuulizwa hayupo tena. Chukua kalamu ya risasi, kaa na mzee, andika majina, mahali na mwaka.

Kijana wa miaka 20 aliyevuka mpaka wa Mutukula mwanzoni mwa 1979 sasa anakaribia miaka 70 au ameipita. Kama yuko kwenu, mtembelee mwezi huu, wewe mwenyewe, ukiwa na daftari. Anzia kwenye kazi yake, kisha umwombe mkewe naye akae hapo.