Bunduki ya Urithi: Msiisugue

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Texas. Baba mkwe alituachia bunduki ya Winchester Model 1873. Nasikia bei za bunduki hizi zinapanda. Fundi anashauri isuguliwe na kupakwa rangi upya kabla ya kuiuza. Tukubali?

JIBU: Dada yangu, kataeni. Wakusanyaji hulipia uhalisi. Rangi ya kiwandani, hata ikibaki mabaka tu kando ya mtutu, ina thamani kuliko mng'aro wa jana. Msasa hufuta maandishi na kulainisha kingo za chuma, na vikishaondoka havirudi.

Model 1873 si adimu: zilitengenezwa zaidi ya 700,000. Kinachotofautisha bei ni hali yake, vipande vyake vyote kuwa vya awali, na historia yake. Zile za daraja la "One of One Thousand" hazikufika 150, na filamu ya mwaka 1950, Winchester '73, iliwachochea watu kuzisaka.

Kwanza hakikisheni haina risasi. Kisha nakilini namba iliyochongwa upande wa chini, nyuma ya kifyatulio. Jumba la makumbusho ya silaha la Cody, Wyoming, hutunza daftari za kiwanda na hutoa barua inayoeleza bunduki ilivyokuwa ilipotoka ghalani. Mwisho, linganisheni bei zilizolipwa kweli mnadani, si zile wanazotaja wauzaji. Mkiwa na barua hiyo na chuma ambacho hakijaguswa, mtauza kwa haki.