Usifungue Waya wa Betri Injini Ikiunguruma

Wakulima wengi hupeleka viazi na mboga Nairobi kwa pikapu, kuuza katika masoko kama la Kawangware na la Toi karibu na Kibera. Gari likizimika njiani, mboga hunyauka na faida hupotea. Kwa hiyo yafaa mkulima aelewe jambo hili juu ya umeme wa gari.

Katika magari mengi ya betri ya volti 12, alteneta hutoa volti 14 hivi. Betri ni kama bwawa: hupokea umeme unaozidi. Waya wa betri ukiachia wakati alteneta inachaji kwa nguvu, umeme hukosa pa kwenda. Volti huweza kupanda ghafula hadi 80 au 100. Katika lori la volti 24 huweza kukaribia 200. Mshtuko huo huisha kabla ya nusu sekunde, lakini watosha kuunguza kompyuta ya injini au redio.

Zamani mafundi walichomoa waya wa betri injini ikiunguruma, wajue kama alteneta inachaji. Gari lenye kompyuta lisipimwe hivyo. Ukifika kwa fundi wa jua kali, Kibera au Kawangware, mwombe atumie mita, waya zote zikiwa mahali pake.

Kinga ya vifaa ni daiodi ya kuzuia mshtuko wa umeme. Kazi yake ni kama mlango wa kupunguzia maji bwawani. Siku zote hukaa imefungwa. Volti zikipita kiwango chake, hufunguka mara moja na kupeleka umeme uliozidi kwenye bodi ya gari.

Fundi akifunga daiodi, hakikisha haya:

1. Iwe kubwa, iliyotengenezwa kwa magari. Ndogo ya redio itaungua.

2. Kwa gari la volti 12, isifunguke chini ya volti 24, ili isiungue gari likiwashwa kwa betri za lori.

3. Upande wenye mstari uunganishwe na waya chanya, baada ya fyuzi na karibu na kifaa. Upande wa pili uende kwenye bodi. Ikigeuzwa, fyuzi itakatika.

Lakini daiodi haitengenezi waya uliolegea. Kila juma, injini ikiwa imezimwa, kaza vifungo vya betri na usafishe kutu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kompyuta mpya.