Kanisa na Serikali: Somo kwa Washarika na Wainjilisti



Mwezi huu twataka kujifunza habari ya uhusiano wa Kanisa na serikali. Wako wasemao ya kuwa mtu wa dini asiseme neno lo lote juu ya mambo ya nchi. Wako na wengine watamanio mtawala alichukue Kanisa mikononi mwake na kulilea kama mtoto. Na tutazame kwanza yaliyowapata wenzetu, ndipo tutazame ya kwetu.

1. Habari za Uingereza

Mwaka 1534 Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Papa wa Roma, na Bunge likamtangaza yeye kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Thomas More, aliyekuwa amemtumikia mfalme katika cheo kikubwa, hakukubali jambo hilo. Akakatwa kichwa mwaka 1535. Kisha Malkia Mary akalirudisha Kanisa chini ya Papa, na tangu 1555 hata 1558 Waprotestanti wapata 280 wakachomwa moto. Mmoja wao ni Askofu Mkuu Thomas Cranmer, mwaka 1556. Mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth, mambo yakageuzwa tena. Angalieni basi: kila kiti cha enzi kilipopata mtu mwingine, watu waliamriwa kusali kwa namna nyingine.

Waprotestanti waliokuwa nje ya Kanisa la mfalme walipata ruhusa ya kuabudu mwaka 1689. Wakatoliki wakangoja hata 1829 ndipo waruhusiwe kuketi Bungeni. Hata leo mfalme ndiye mtawala mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu wake 26 wana viti katika baraza la juu la Bunge. Hapo iko faida, maana askofu aweza kuwaambia wakubwa neno la haki uso kwa uso. Lakini hasara nayo iko. Mwaka 1927, na tena 1928, Kanisa lilipeleka Bungeni kitabu chake cha sala kilichotengenezwa upya, nacho kikakataliwa mara zote mbili. Mwenye kulishwa na mfalme humwomba ruhusa hata ya kusali! Huko Wales Kanisa lilitengwa na serikali mwaka 1920, wala halikufa.

2. Mafundisho ya Luther

Mwaka 1523 Dkt. Martin Luther aliandika kitabu juu ya mamlaka ya nchi. Alifundisha ya kuwa Mungu huwatawala watu kwa njia mbili: kwa Neno huzitawala roho, na kwa sheria huwazuia waovu wasiwadhuru wenzao. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 28, laonya ya kuwa mamlaka hizi mbili zisichanganywe. Hata hivyo yatupasa kukiri kosa la nyumba yetu wenyewe: huko Ujerumani wakuu wa nchi walifanywa wasimamizi wa Kanisa, wakakaa katika kazi hiyo hata 1918.

3. Habari za nchi yetu

Waingereza walipoitawala Tanganyika hawakuweka Kanisa la serikali. Mapatano ya mwaka 1922, yaliyowapa udhamini wa nchi hii, yaliwaagiza kulinda uhuru wa dini. Lakini vita vya mataifa vilikuwa vimekwisha kuligusa Kanisa. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro kwa sababu ni Wajerumani; mmoja wao ni Bruno Gutmann wa Old Moshi, aliyerudi mwaka 1925. Vita vilipoanza tena mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walikamatwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wakristo wenyeji wakajifunza kuichukua kazi mabegani mwao. Makanisa saba ya Kilutheri, yaliyokuwa na shirikisho tangu 1938, yaliungana tarehe 19 Juni 1963 yakawa Kanisa moja, yaani KKKT.

Baada ya Uhuru, sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misioni mikononi mwa serikali. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yalinda uhuru wa kuabudu, nayo yaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tena mwaka 1992 serikali na makanisa waliandikiana mapatano juu ya huduma za elimu na afya. Matunda ya ushirika huo twayaona Haydom, katika hospitali ya Kanisa iliyofunguliwa mwaka 1955: mgonjwa haulizwi dini yake, na serikali husaidia.

4. Yatupasayo sisi

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang', yakaharibu Katesh na Gendabi yetu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Serikali ilileta askari kuwatafuta waliofukiwa. Kuchimbua tope hilo haikuwa kazi ya mchungaji peke yake, wala kuwafundisha wafiwa tumaini la ufufuo haikuwa kazi ya mkuu wa wilaya. Siku ile kila mkono ulihitajiwa, na kila mkono ulikuwa na kazi yake.

Basi tuwaombee watawala (1 Timotheo 2), tulipe kodi (Warumi 13), wala tusimpe mwomba kura mimbari ya Bwana, hata akileta mabati ya kanisa. Lakini mnyonge akinyang'anywa haki yake, tusijifiche nyuma ya Warumi 13. Tukumbuke jibu la mitume mbele ya baraza (Matendo 5:29). Anayekula mezani pa mkubwa huona vigumu kumwonya, nasi tusipomwonya twamnyima msaada aliouhitaji kwetu.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:
1. Kwa nini kitabu cha sala kilikataliwa na Bunge?
2. Ni msaada gani wa serikali tuwezao kuupokea bila kufungwa mdomo?
3. Ni jambo gani hapa kwetu tulilolinyamazia kwa hofu?