Mshipi wa Rangi Gani kwa Trauti wa Nyeri?

Ukienda kuvua trauti katika mito ya Thego, Gura au Chania, chagua rangi ya mshipi mara mbili: sehemu ndefu kwa ajili ya macho yako, na kipande cha mwisho kwa ajili ya macho ya samaki. Ndivyo ninavyomwambia kila anayeanza.

Trauti ni mgeni huku. Wale wa kahawia walitolewa Scotland mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura kule Aberdare. Wamestawi kwa sababu maji ni baridi na maangavu, na maji maangavu ndiyo yanayomfichua mvuvi.

Wengi wamesikia kwamba mshipi mwekundu hupotea majini. Ni kweli maji hunyonya wekundu kabla ya rangi nyingine, lakini hilo huhitaji kina cha mita kadhaa, kama baharini. Kwenye vidimbwi vyetu vya kiunoni wekundu hubaki wekundu, na trauti huuona vizuri.

Sehemu ndefu mimi huichagua ya manjano. Chini ya kivuli cha miti ya mtoni naiona inakoelekea, na samaki akigusa nzi wa bandia, naona ncha ya mshipi ikisita.

Mbele yake nafunga kipande kisicho na rangi, kama mita tatu. Januari na Februari, maji yakiwa kama kioo, natumia fluorokaboni, kwa kuwa hupinda mwanga karibu sawa na maji, tena huzama. Nzi wa kuelea namfungia nailoni nyembamba, maana fluorokaboni humvuta chini. Nailoni iking'aa, naisugua kwa udongo laini wa ukingoni, hasa karibu na ndoana, mpaka mng'aro upotee. Mvua ndefu zikichafua mto, rangi haina uzito tena. Hapo naongeza unene, nipate nguvu dhidi ya mkondo.

Usiamini maneno ya dukani, wala yangu, kabla ya kujaribu. Teka maji ya mto kwa gilasi, tumbukiza vipande vya mishipi, kisha inua gilasi juu ya uso na utazame kuelekea angani, kwa sababu trauti hutazama vingi kutoka chini. Mshipi wa kijani, uliofichika vizuri ulipoutazama kutoka juu penye mawe yenye mwani, utauona umekuwa mstari mweusi. Ule mwembamba usio na rangi ndio utakaokusumbua kuuona.

Kwa hiyo, baada ya kulipia leseni ya uvuvi, kama fedha ni kidogo nunua mshipi mmoja wa manjano na nailoni nyembamba isiyo na rangi. Vitakutosha kwa mito yote ya hapa. Fluorokaboni iongeze baadaye, kwa ajili ya miezi ya kiangazi.